Turbo ya rotari kwa ndege ya kujijengea: namna ya kuchagua bila kuunguza injini

Kila anayepita bandani kwangu hapa Malindi akiiona ile 13B, injini ya rotari ya Mazda (haina pistoni, ina rota za pembe tatu zinazozunguka), imekaa kwenye stendi na propela mbele anauliza maswali yale yale matatu. Turbo iliyokuja na gari lake, Mazda RX-7, si inatosha? Nipige busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ngapi? Na mbona hii yako kubwa hivi kama sufuria ya pilau ya arusi? Wengine wananirushia voisi noti saa tano za usiku nimeshalala. Nimechoka kujibu mmoja mmoja bana, naandika yote mara moja, na ukimaliza kusoma ukiwa bado na swali basi njoo na kahawa na haluwa tukae tuzungumze.

Kabla ya yote, ongea na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, mapema, kabla hujakata hata bati moja, manake kibali cha kuirusha hakiji tu kwa sababu umeshamaliza kujenga. Na ukishatia injini ya gari kwenye ndege ujue hakuna wa kumlilia, fundi ni wewe na rubani ni wewe.

Turbo, kwa aliye mgeni, ni magurudumu mawili kwenye shafti moja: tabaini inazungushwa na moshi unaotoka, na kompresa inasukuma hewa ndani ya injini. Sasa shika jambo moja, mengine yote yanatoka hapo: turbo ya ndege unaichagua kwa kile kimo utakachokaa angani, sio kwa hosipawa za kuondokea uwanjani. Gari linataka kuchomoka kidogo halafu linapumzika kwenye foleni. Ndege inashika mizunguko 5,500 au 6,000 kwa dakika na inakaa hapo hapo saa mbili bila kupumua. Ndo maana mtu anaetoka kwenye mambo ya magari ya mashindano anakosea vibaya sana akija huku, na mimi mwenyewe nilikosea, nitakwambia.

Uwe na hivi kwanza

- Injini ya 13B iliyo nzima, uliyoifungua na kuiona sili zake kwa macho yako, sio ya kuambiwa "hii iko fiti boss"
- Giaboksi ya kupunguza mizunguko na propela uliyokwisha kuijua namba zake
- Rejeta ya maji na ya oili ambazo TAYARI zinamudu injini bila turbo. Kama injini yako inachemka sasa hivi, usisome zaidi, kashughulikie hilo
- Kompyuta ya injini ambayo unaweza kubadilisha moto (wakati plagi inapotoa cheche) na petroli mwenyewe
- Geji ya presha ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa, inasoma kwa inchi za zebaki), geji ya joto la moshi yenye waya aina ya K, geji ya joto la hewa inayoingia, joto la oili na presha ya oili
- Ramani ya kompresa ya turbo unayoitaka (mchoro wa uwiano wa presha na hewa inayopita), ya kuchapisha kwenye karatasi. Muuzaji asiyekuwa na ramani mwache
- Kalkuleta, penseli, na subira

Hatua ya 1: Jiulize kama unaitaka kweli

Hapa watu wananichukia. Kama safari zako ni Malindi kwenda Manda, uwanja wa Lamu, huo ni kama kilomita 140 za pwani pwani, unaruka futi 2,000 unaangalia majahazi chini, turbo ya nini? Unabeba kilo za bure na joto la bure. Rotari bila turbo inakutosha kabisa na utalala usingizi.

Turbo inaanza kuwa na maana ukitaka kupanda bara. Uwanja wa Malindi uko kama futi 80 tu juu ya bahari, Wilson kule Nairobi ni futi 5,500 na ushee, na katikati una Tsavo na mawingu ya mchana ambayo ungependa kuyapita kwa juu. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwa hiyo ukifika futi 10,000 karibu theluthi imeshakwenda. Na hata hapa chini, siku ya kaskazi jua kali nyuzi 32, hewa ni nyepesi kama vile uko futi 2,000, ndege inaondoka imechoka.

Kwa hiyo kuna aina mbili za turbo na ni lazima useme unataka ipi. Ya kwanza ni ya kurudisha hewa ya pwani ukiwa juu, yaani manifoldi isome inchi 30 pale futi 10,000 kama inavyosoma uwanjani. Ya pili ni ya kusukuma kupita hapo, inchi 40, 45, hosipawa za kutisha. Mimi nawaambia wote wanaoanza: chukua ya kwanza, na labda inchi 35 kwa dakika mbili tatu za kuruka. Ya pili iache mpaka uwe umeshavunja injini moja kwa pesa zako.

Hatua ya 2: Injini gani chini ya turbo

Hii fupi. 13B za turbo za RX-7 zina kompresheni (mara ngapi injini inaibana hewa) ya 8.5 (zile za 1987 hadi 1988) au 9.0 (kuanzia 1989, pamoja na FD, yaani RX-7 za miaka ya tisini). Zisizo na turbo za wakati ule ni 9.4 na 9.7. Kwa kurudisha hewa tu bila kusukuma, hata 9.4 inakubali ukiwa na adabu. Renesis, rotari ya gari la RX-8, ina 10.0 na inatoa moshi kwa ubavuni, ni injini tamu bila turbo, iache hivyo hivyo.

Kitu kinachoua rotari yenye turbo ni kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe kwa kishindo badala ya kuungua taratibu. Pistoni ikigonga kidogo inakupigia kelele, unapunguza, unaendelea na maisha. Rotari ikigonga mara moja vizuri zile sili za kwenye ncha za rota zinapasuka, chuma kinachana nyumba ya rota, na kipande kinatoka na moshi kinaenda kupiga tabaini. Yaani umepoteza vyote viwili kwa sekunde moja.

Hatua ya 3: Hesabu hewa

Usiogope, ni kuzidisha tu. 13B ina rota mbili za sisi (cc) 654 kila moja, jumla lita 1.3, na inameza lita 1.3 zote kila shafti ikizunguka mara moja. Pistoni ya lita 1.3 ingemeza nusu yake. Kwa hiyo kwa mambo ya hewa ihesabu kama injini ya lita 2.6, hapa ndo wengi wanaponunua turbo ndogo bila kujua.

Lita 1.308 mara mizunguko 6,000 ni kama lita 7,850 kwa dakika. Kwa hewa ya Malindi mchana hiyo ni kilo 9 hivi, na kwa kuwa ramani nyingi zimeandikwa kwa paundi, sema paundi 20 kwa dakika.

Sasa panda nayo. Pale futi 10,000 presha ya nje ni kama milibari 697 badala ya 1,013. Gawanya: 1,013 kwa 697 unapata 1.45. Ongeza kidogo kwa ajili ya filta na intakula (rejeta ya kupoza hewa iliyotoka kwenye turbo) kukaba, weka 1.55. Hiyo ndo kazi turbo inayofanya, inakamua hewa mara moja na nusu, na wewe kwenye kiti unaona inchi 30 tu unajiona huna busti yoyote! Hapo ndo uwongo wa geji ulipo. Na kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, zile paundi 19 au 20 kwenye ramani zinasomeka kama 26 ukishasahihisha.

Andika namba hizi mbili kwenye karatasi: 1.55 (uwiano wa presha) na 26 (paundi za hewa kwa dakika). Ukitaka futi 18,000 uwiano unapita 2 na kwanza utahitaji oksijeni, kwa hiyo tubaki 10,000.

Hatua ya 4: Weka nukta kwenye ramani

Chukua penseli, weka nukta pale 1.55 na 26 zinapokutana. Weka nyingine ya kuruka hapa chini, uwiano wa 1.25 na paundi 23 hivi. Nukta zote ziwe ndani ya vile visiwa vya katikati (hapo turbo inakamua hewa bila kupoteza nguvu nyingi), sio zimebanana na mstari wa kushoto (hapo hewa inarudi nyuma, turbo inakohoa) wala zimekimbilia ukingo wa kulia (hapo inazunguka kupita kiasi na kazi yote inageuka joto).

Kompresa ya wastani, ya gurudumu la milimita 76 hivi, inakaa vizuri. Huhitaji kubwa zaidi. Na ile turbo ya Hitachi iliyokuja na RX-7 jibu lake ni hili: iliundwa kwa gari lililo chini, ukiipandisha inabidi izunguke kwa kasi zaidi kupata inchi zile zile na nyumba yake ya moshi ni ndogo, shafti na beringi haziendi mbali. Zile pacha za FD ndo usiseme, moja inaanza na nyingine inajiunga karibu na mizunguko 4,500, na katikati kuna rundo la hosi za vakumu kama mie za pakiti. Toa zote.

Hatua ya 5: Upande wa moto, hapa usibane pesa

Ukikumbuka hatua moja tu kumbuka hii.

Moshi wa rotari ni moto kuliko wa pistoni, unafika nyuzi 900 na kupita, na unatoka kwa kishindo manake hakuna valvu ya kuuzuia, tundu linafunguka tu na mlipuko unatoka. Tabaini ndogo inapenda hilo, inaamka haraka, kijana wa magari anafurahi. Lakini ndege haijali kuamka haraka. Propela yenyewe ni nzito, throtoli unaisukuma taratibu kwa sekunde tatu, nani anaharakisha? Tabaini ndogo inachofanya ni kuziba njia, presha inarundikana kwenye manifoldi ya moshi, moshi wa moto unarudi ndani unachanganyika na hewa mpya, joto linapanda na kugonga kunafuata.

Kwa hiyo nenda kubwa. Familia ya GT35 ya kampuni ya Garrett kwa mfano ina nyumba za moshi za A/R 0.63, 0.82 na 1.06 (namba ikiwa kubwa njia ya moshi ni pana). Kwa rotari ya ndege hiyo 0.63 siiangalii hata, naanzia 0.82 na ninapenda 1.06. BorgWarner nao wana za kwao, kanuni ni ile ile. Kabla ya turbo toboa tundu dogo, weka kibomba cha chuma kirefu cha kupoza, pima presha ya moshi. Ikiwa karibu sawa na ya busti upo peponi. Ikifika mara mbili umebana mno.

Nyumba ya tabaini uliza ni chuma gani. Chuma cha kutupwa cha kawaida cha magari ya dizeli hakikuundwa kwa nyuzi 900 saa mbili, kinapinda na kupasuka. Tafuta ya stenles ya kustahimili joto. Na katikati ya turbo iwe ya kupoozwa kwa maji pamoja na oili.

Hatua ya 6: Westigeti, na ule mtego wa springi

Westigeti, mlango wa kupitishia moshi pembeni ya tabaini ili busti isizidi, iwe ya nje, peke yake, na iwe kubwa: milimita 44 kwenda juu. Watu wanadhani busti ndogo inataka westigeti ndogo, ni kinyume kabisa. Busti ndogo manake moshi mwingi zaidi unatakiwa upite pembeni, na rotari ina moshi wa kumwaga. Ikae kwenye kona ambayo moshi unaingia kwa mtiririko, sio tawi la kurudi nyuma.

Sasa mtego. Springi ya westigeti ya gari inapima tofauti kati ya busti na hewa ya NJE. Ukinunua springi ya psi 5 (paundi kwa inchi ya mraba), hapa Malindi inakupa 14.7 jumlisha 5, karibu psi 20, ambayo kwenye geji ni inchi 40. Pale futi 10,000 nje ni kama psi 10, springi ile ile inakupa 15, inchi 31. Umeona? Turbo uliyoiweka ya kurudisha hewa tu, uwanjani inakusukuma inchi 40 wakati injini ni baridi bado na hewa ni ya moto, yaani mahali pabaya kuliko pote.

Kuna njia tatu. Moja, throtoli usiisukume mpaka mwisho wakati wa kuruka, jicho kwenye geji. Inafanya kazi, lakini siku ya dharura mkono unasukuma wenyewe mpaka ukutani. Mbili, kidhibiti cha presha kamili, kisichojali hewa ya nje, chenye kile kikopo kilichozibwa na kutolewa hewa ndani, kama cha ndege za kiwandani. Tatu, kebo ya kufungulia westigeti kutoka kwenye kiti. Mimi nina ya pili, pamoja na valvu ya kupumulia kwenye manifoldi ya kuingiza, ya kufunguka yenyewe ikipita inchi 38.

Hiyo valvu sio mapambo. Kile kihosi kinachopeleka presha kwenye westigeti kikichomoka, westigeti inabaki IMEFUNGWA na busti inapanda bila breki. Mimi kilinichomokea nikiwa chini, namshukuru Mungu, nilikipitisha karibu na manifoldi ya moshi kikayeyuka kama mshumaa. Tangu siku hiyo kihosi changu ni bomba la chuma, kimefungwa mbali na moto, na kila kabla ya kuruka nakigusa kwa kidole.

Hatua ya 7: Manifoldi ya moshi na kuibeba turbo

Stenles ya 321 yenye ukuta mnene, au inconel kama una mjomba Ulaya. 304 itakaa kwa muda halafu itaanza ufa. Chuma cheusi cha mabomba sahau, na huku kwetu upepo wa kusi ukivuma chumvi inaingia hadi ndani ya banda, kila bolti inaota kutu kabla hujaifunga.

Mara ya kwanza mimi niliitundika turbo kwenye manifoldi yenyewe, nikaona imekaza, safi. Tukawasha jioni, taa za banda tumezima makusudi tuone joto. Dakika kumi manifoldi imekuwa nyekundu kama makaa ya jikoni, nzuri kuiangalia kwa kweli, halafu pale kwenye mshono wa chini, kama sentimita tatu kutoka kwenye flenji, nikaona mstari mweusi mwembamba kama unywele ndani ya ule wekundu. Nilidhani ni masizi. Mzee mmoja fundi wa kuchomelea aliekuja kutazama akainama, akazima sigara yake, akaniambia, "Mwanangu, hili bomba umelitundikia mzigo kama mkungu wa ndizi. Linapanuka halina pa kwenda." Tukazima, ikapoa, kweli ni ufa, ukucha unaingia.

Kwa hiyo: turbo ibebwe na mkono wake kutoka kwenye BLOKU ya injini, sio kwenye fremu ya ndege (injini inatikisika, fremu haitikisiki kama yeye). Kati ya injini na turbo uweke kiungo cha kuteleza au cha kukunjika ili bomba lipate pa kupanukia. Klampu za kuzunguka ziwe na kawaya ka usalama, bomba la moshi likidondoka ndani ya boneti moto wote unalamba petroli yako.

Usifunge zile bandeji za eksosi kwenye stenles nyembamba, zinashika joto na unyevu na chuma kinaoza humo ndani hukioni. Weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa. Boneti ikiwa ya faiba kumbuka epoksi ya kawaida inaweza kuanza kulegea hata chini ya nyuzi 80, waulize mafundi wa boti za faiba watakwambia.

Hatua ya 8: Oili ya kwenda na hasa ya kurudi

Ya kwenda ni rahisi. Turbo ya beringi za gololi inataka kibanio chenye tundu la milimita 1 hivi, ya beringi za kawaida haitaki kibanio. Bomba la chuma la kusuka, na filta.

Ya kurudi ndo inawashinda. Oili ikitoka kwenye turbo sio oili tena, ni povu, kama povu la sabuni ya kufulia, na haina presha yoyote, inashuka kwa uzito wake tu. Bomba liwe nene, robo tatu ya inchi, literemke moja kwa moja bila tumbo la katikati, liingie kwenye sampu (bakuli la oili la injini) JUU ya kiwango cha oili. Turbo yenyewe isigeuzwe kupita nyuzi 35 kutoka wima. Kwenye ndege nyingi turbo inaishia kukaa chini kuliko sampu kwa sababu ya nafasi, hapo huna ujanja, weka pampu ya kunyonya. Mtu asikudanganye kwamba itashuka tu yenyewe.

Na usisahau kwamba sili ya turbo ikifa angani, oili ya injini inatoka yote kwa bomba la moshi kwa dakika chache. Presha ya oili ikianza kucheza na nyuma kuna moshi, huna muda wa kutafakari, tafuta pa kutua.

Hatua ya 9: Intakula

Hesabu ya haraka: futi 10,000 huku kwetu nje ni kama nyuzi 10. Ukikamua mara 1.55 kwa kompresa ya asilimia 70, hewa inatoka nyuzi 64. Hapa chini mchana ukisukuma 1.3 tu, nyuzi 32 zinakuwa 66. Ndio, zinafanana! Unataka iingie kwenye injini chini ya 50, kwa hiyo intakula iwepo, hata kwa busti ndogo. Ina faida ya pili, turbo ikimeguka vipande vinanasa humo kabla ya kufika kwenye rota.

Tundu la kuingilia hewa ya kupoza liwe dogo, halafu njia ipanuke taratibu mpaka kwenye uso wa intakula, na nyuma pawe na pa kutokea. Hewa isiyokuwa na pa kutokea haiingii. Ndo basi.

Hatua ya 10: Petroli na moto

Petroli nzito ukiwa kwenye busti, hewa 11 hadi 11.5 kwa petroli moja, sio mahali pa kubana matumizi. Kwa nguvu zote utakunywa kama lita 65 hadi 75 kwa saa, utabana ukishatulia angani. Rigyuleta ya petroli iunganishwe na manifoldi ya kuingiza, la sivyo busti inaisukuma petroli irudi.

Avgas (petroli ya ndege) rotari inaikubali, ila madini ya risasi yaliyomo yanaua sensa ya oksijeni na kuchafua plagi. Plagi weka za baridi, namba 9 za NGK juu na chini. Kama umeitoa pampu ya kudondoshea oili ya kulainisha sili za rota, changanya oili ya tu-stroki kama mililita 8 kwa lita. Moto urudishe nyuma busti inapopanda, anza na ule wa mwoga kabisa halafu ongeza nyuzi moja moja.

Hatua ya 11: Chini kwanza

Fungia mkia kwenye kitu kisichong'oka, kabari kwenye magurudumu, watoto wa mtaa nyuma ya ukuta (watakuja, hawakosi). Saa moja bila busti. Zima, kagua kila klampu, kila mshono, kwa tochi. Saa nyingine na inchi 32. Zima, kagua tena. Ikishafikisha jumla ya saa kumi za kuwaka na hakuna ufa wala tone, ndo ufikirie kuruka, na siku hiyo zunguka juu ya uwanja tu, Lamu itakungoja.

Ikikusumbua

*Busti haifiki.* Kuna pa kuvuja. Ziba mdomo wa turbo, tia hewa ya kompresa psi 5, paka maji ya sabuni, fuata mapovu. Kama hakuna, westigeti imekwama wazi, hasa ndege ikikaa masika yote bila kuwashwa.

*Busti inapanda yenyewe kadri mizunguko inavyoongezeka.* Westigeti ni ndogo au imekaa kona mbaya. Springi haitakusaidia.

*Inchi zinashuka ukipita kimo fulani ingawa throtoli imejaa.* Hamna kilichoharibika, westigeti imeshafunga yote na turbo imefika mwisho wake. Andika kimo hicho kwenye dashibodi.

*Joto la moshi limeruka ghafla.* Angalia moto wa plagi kwanza kabla ya petroli. Plagi moja ikifa kwenye rota, mafuta yanamalizia kuungua kwenye bomba na geji inapanda.

*Moshi wa buluu ukipunguza throtoli.* Watu wanakimbilia kununua turbo mpya. Angalia bomba la kurudisha oili, halafu pumzi ya injini kama imeziba. Mara nyingi ni hapo, turbo yenyewe nzima.

*Inakohoa tu-tu-tu ukifunga throtoli.* Hewa inarudi nyuma. Weka valvu ya kutolea kati ya turbo na throtoli.

*Imeanza mluzi ambao jana haukuwepo.* Usiruke nayo. Toa hosi ya kuingilia, injini ikiwa baridi, shika ile nati ya mbele kwa vidole viwili. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida kwa beringi za kawaida, kucheza kwenda mbele na nyuma hapana. Halafu isukume pembeni huku unaizungusha: ukisikia blade inakwaruza nyumba, au ukiona alama inayong'aa kwenye ukuta, itoe siku hiyo hiyo.